Virginia McKenna na yule mama wa mtoni

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilitaka tuseme kama mwigizaji anayeacha sanaa akiwa kileleni ili atetee jambo jingine amepata au amepoteza. Nina jina moja tu la kuleta: Virginia McKenna, yule Mwingereza aliyecheza kama Joy Adamson, mama aliyemlea simba jike Elsa hapa Kenya, katika filamu ya Born Free. Nami nasema amepoteza, na tumepoteza pia sisi tuliokaa kumtazama.

Huku kwetu Meru wengi wanamjua kwa simba peke yake, na hilo linaniuma. Alizaliwa London mwaka 1931, akasomea uigizaji Central School of Speech and Drama, kisha akaanza kazi jukwaani Dundee, Scotland. Msimu wa 1954 hadi 1955 alikuwa Old Vic, ukumbi wa maigizo wa London, akicheza Rosalind katika As You Like It, na Rosalind ndiye mwanamke mwenye maneno mengi kuliko wote katika tamthilia za Shakespeare. Hapewi mtu wa kubahatisha. Mwaka 1956 ikatoka A Town Like Alice, habari za wanawake na watoto waliotekwa na Wajapani Malaya wakatembezwa kutoka mahali hadi mahali huku wakizikana njiani, nayo ikampatia BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza. Miaka miwili baadaye akacheza Violette Szabo, mjane kijana aliyetumwa Ufaransa kama jasusi wa Uingereza na kuuawa katika kambi ya Ravensbrück. Huyo ndiye aliyekuja Kenya mwaka 1964 na mumewe, Bill Travers, kupiga filamu ya simba upande wa Naro Moru.

Hiyo filamu niliiona shuleni, jioni ya Jumamosi, kwenye bwalo la chakula. Klabu ya wanyamapori ilikuwa imeazima projekta, na shuka mbili zilikuwa zimeshonwa pamoja zikatundikwa ukutani. Mwalimu wa baiolojia, mlezi wa klabu, alikaa kando ya mashine. Wapishi nao walimaliza kuosha sufuria, wakaja kusimama nyuma.

Mliowahi kuiona mnakumbuka inavyoanza. Mwanamke anafua nguo mtoni, simba anamvamia. George Adamson, mume wa Joy na askari wa wanyamapori, anatumwa kumsaka huyo simba, anampiga risasi, na jike lake pia, halafu anagundua watoto watatu wamebaki yatima. Hapo ndipo Elsa anapatikana. Mwanamke wa mtoni hatajwi tena. Hatuoni nyumba yake wala mazishi, na hakuna mtoto wake anayeuliza mama yuko wapi.

Tukaendelea kutazama. Watoto wa simba walivuruga nyumba, bwalo zima likacheka. Nuru na Makedde, wasaidizi wa akina Adamson, waliochezwa na Peter Lukoye na Omar Chambati, walishangiliwa kila walipotokea, kwa kuwa walikuwa watu wetu. Kisha ndugu wawili wa Elsa wakapelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Joy akabaki na huzuni yake, na wasichana wa mstari wa mbele wakaanza kuvuta kamasi. Ndipo mkanda wa kwanza ukaisha, taa zikawashwa, na mwalimu akaanza kuhangaika na mkanda wa pili.

Katika ule mwanga mama mmoja wa jikoni akauliza kwa sauti: “Mwalimu, na yule aliyekuwa akifua? Watoto wake wako na nani?”

Mwalimu akajibu kuwa hii ni hadithi ya Elsa. Mama hakutosheka. Alisema kaka yake aliuawa na nyati kwenye mpaka wa shamba, na hakuna mzungu wala Mwafrika wa serikali aliyefika kuuliza jina lake. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: “Huyu mama analia vizuri kweli. Angemlilia na yule kidogo.”

Wanafunzi wakubwa walicheka. Mwalimu akaanza kueleza kuhusu watalii, fedha za kigeni na mlolongo wa chakula. Mama akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, “Sawa, mwalimu, lakini hujanijibu.” Mkanda ukaingia, taa zikazimwa. Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Akatazama Elsa akifundishwa kuwinda, akishindwa, akirudi amekonda. Akatazama hadi mwisho, pale Joy na George wamesubiri siku nyingi na kukata tamaa, na Elsa anatokea na watoto wake watatu. Nilikuwa nimekaa upande, nikigeuka namwona. Alikuwa ameshika leso mdomoni na machozi yanamtoka, yeye yule aliyekuwa na hoja.

Tangu hapo sijaona ushahidi mkubwa zaidi wa kipaji cha mwigizaji. Kumliza aliyekuja tayari kulia ni kazi ndogo. McKenna alimliza mtu aliyekuwa na haki ya kukasirika, tena akiigiza na mwenzake asiyesoma mswada. Simba harudii tukio kwa kuwa mwongozaji hakuridhika. Yeye na mumewe iliwabidi kutembea na simba hao siku baada ya siku chini ya uangalizi wa George Adamson mwenyewe, mpaka wazoeane. Kila simba anapogeuka bila kutarajiwa, uso wa McKenna unajibu palepale. Hayo ni mafunzo ya jukwaani.

Kwa hiyo hasira yangu ilikuwa hii: mtu mwenye uwezo wa kumfanya yule mama alie, kwa nini nguvu hiyo yote iende kwa wanyama? Nilipoanza barua hii nilikusudia kuishia hapo.

Lakini kuna habari ya Pole Pole, na nikiiruka nitakuwa nimemdhulumu. Filamu ilipokwisha, simba wengi walioigiza walipelekwa kwenye bustani za wanyama. Ni watatu tu, Boy, Girl na Ugas, waliokabidhiwa George Adamson wakaishi porini. Miaka michache baadaye wale mume na mke wakarudi Kenya kuigiza filamu na tembo mdogo, Pole Pole, ambaye serikali yetu ilikuwa imemtoa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Waliomba wamnunue ili abaki. Wakaambiwa akibaki yeye, atakamatwa mwingine badala yake. Wakamwacha aende. Walipomtembelea London baada ya miaka mingi, aliwanyooshea mkonga. Mwaka 1983 wenye bustani walitaka kumhamishia Whipsnade, bustani nyingine ya wanyama, na hakupona jaribio hilo. Mwaka uliofuata McKenna, mumewe na mwana wao Will wakaanzisha Zoo Check, taasisi ya kutetea wanyama, ambayo sasa ni Born Free Foundation.

Naisoma habari hii kama raia wa nchi iliyomtoa Pole Pole zawadi. Siwezi kumlaumu McKenna kwa kuhangaikia kiumbe tuliyemtoa sisi.

Tena kusema aliacha sanaa si kweli kabisa. Mwaka 1979 alishinda tuzo ya Olivier, ya maigizo ya jukwaani London, kwa kucheza Anna katika The King and I pale London Palladium, akiwa na Yul Brynner. Na taasisi yake, katika eneo la Amboseli, imekuwa ikiwasaidia wafugaji kujenga maboma ambayo simba hawawezi kuyapenya, ng'ombe wakalala salama na simba wasiwekewe sumu. Hilo limenilainisha kuliko Dame, cheo cha heshima cha Uingereza alichopewa mwaka 2023. Boma likiwa imara, aliye ndani pia analala.

Basi mkihesabu kura, yangu iandikeni “amepata”, ingawa nilianza kwa kusema kinyume, na ichukuliwe pamoja na haya. Nasema amepata yeye. Sisemi sanaa imepata. Sisemi pia kwamba kila mwigizaji anayetoka jukwaani na bango mkononi anastahili makofi. Na deni la mwanamke wa mtoni halimhusu McKenna, kwa kuwa hakuandika mswada. Linatuhusu sisi. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 imetaja shilingi milioni 5 kwa familia ya anayeuawa, lakini waulizeni wanaopakana na hifadhi wanasubiri muda gani.

Kama mna mpango wa kuwaonyesha wasomaji filamu yake moja, nawaomba isiwe ya simba. Onyesheni A Town Like Alice. Wale wanawake wanaokufa njiani wanatajwa kwa majina, na wanazikwa.