Kamera ya chumba cha tibamionzi inakufa mapema: mionzi au kebo?

SWALI: Mimi ni fundi wa vifaatiba. Mashine yetu ya tibamionzi ina nguvu za megavolti 6 na 15. Kila kamera tunayofunga ya kumwangalia mgonjwa huota vidoti vyeupe baada ya miezi michache, picha huganda mara kwa mara, mwishowe hufa. Kebo yake nayo imekauka na ganda linapasuka. Je, mionzi ndiyo imeharibu vyote viwili?

JIBU: Kamera ndiyo. Kebo karibu hakika siyo.

Ukipita megavolti 10 hivi, fotoni (chembe za mwale wa mashine) hung'oa nyutroni kwenye metali za tungsteni na risasi za kichwa cha mashine. Nyutroni ikigonga atomi ya silikoni kwenye sensa huisukuma itoke mahali pake, na nukta hiyo ya picha (pikseli) huvujisha mkondo hata gizani. Hicho ndicho kidoti cheupe. Kuganda ni jambo jingine: chembe imegeuza 0 kuwa 1 kwenye kumbukumbu, na ukizima na kuwasha kamera inarudi. Kifo chenyewe huja polepole. Chaji hunaswa ndani ya oksidi ya transista, mkondo unavuja, hadi saketi ya umeme inashindwa. Vifaa vya kawaida vya dukani mara nyingi hushindwa kati ya Gy 50 na mia kadhaa (Gy, yaani grei, ni kipimo cha dozi ya mionzi).

Sasa piga hesabu. Wagonjwa 60 kwa siku, Gy 2 kila mmoja, siku 5: Gy 600 kwa wiki pale mgonjwa alipo. Mionzi inayotawanyika ni kama elfu moja ya hiyo kwa mita 1. Kwa mita 3 igawe kwa 9, unabaki na takriban Gy 3 kwa mwaka. Lakini kamera iliyofungwa ukutani pale mwale wenyewe unapopiga, mita 5 kutoka chanzo, hupata 1/25 ya Gy 600 hizo, kwa kuwa mgonjwa yuko mita 1 kutoka chanzo. Tuseme robo ya muda mwale unaelekea huko na mgonjwa anapitisha theluthi: Gy 2 kwa wiki, Gy 100 kwa mwaka. Nadhani kamera yako iko hapo.

Ihamishe nje ya mstari wa mzunguko wa mashine, karibu na kichochoro cha kuingilia, utumie lenzi ya kuvuta mbali. Kirekodi cha video na adapta viweke nje ya chumba, pamoja na swichi ya kuiwasha upya bila kuingia chumbani. Kuifunika kwa bati la risasi la mm 2 ni kujifariji tu. Nyutroni zinapita kama kawaida.

Kuhusu kebo: PVC, plastiki ya ganda lake, huanza kuharibika kwenye Gy laki moja hivi. Hata kwa Gy 100 kwa mwaka ungengoja karne kumi! Tafuta joto, dawa za usafi, au mkunjo mkali. Ndani ya kichwa cha mashine ndiko kebo huumia kweli, na huko epuka Tefloni: hukatika-katika kuanzia Gy elfu moja hivi. Poliimidi, plastiki nyingine, huvumilia mamilioni.

Usitoboe ukuta kupitisha kebo mpya. Tumia bomba la mshazari lililopo. Kabla ya kufunga, mwombe mwanafizikia wa tiba akubandikie kipimadozi mahali papya kwa wiki moja, kisha zidisha kwa 50 upate dozi ya mwaka.