Duara la milimita 15 la majani ya mpera: usililinganishe na sipro

Mkuu, umeuliza kama duara lisilo na bakteria la milimita 15, lililotokea kuzunguka ekstrakti (dondoo) ya majani ya mpera dhidi ya bakteria Staphylococcus aureus, huku sipro, yaani antibiotiki siprofloksasini, ikitoa 27, linakuruhusu kuandika kwamba mpera una zaidi ya nusu ya nguvu ya sipro. Hapana. Hata msimamizi wako akipitisha, mtahini wa nje atakubana.

Piga hesabu. Kile kidude cha karatasi cha sipro kina mikrogramu 5 tu. Wewe umesema umeweka kisimani, yaani kwenye tundu ulilotoboa kwenye agari (ile jeli ya kuoteshea bakteria), mikrolita 100 za ekstrakti ya miligramu 100 kwa mililita, yaani miligramu 10 nzima. Ni uzito mara 2,000! Tena duara halipimi ukali peke yake, linapima pia jinsi kitu kinavyosambaa ndani ya agari, na tanini za mpera, zile kemikali zake za ukakasi, husambaa kwa shida.

Mimi nafanya kazi hizi hapa Moshi, na sahani za mpera nazijua. Ukizitoa kwenye inkubeta ya nyuzi 37 asubuhi, chini ya kisima kumetuama tope la kijani na pembeni kuna mzunguko wa kahawia. Vijana wengi hupima huo wa kahawia. Siyo wenyewe, hiyo ni rangi ya majani tu. Geuza sahani, iweke juu ya kitambaa cheusi, tafuta pale utando wa bakteria unapokatika, ndipo uweke rula.

Kuhusu bakteria wa pili, E. coli, kutoguswa na ekstrakti yako, usihangaike. Ina utando wa nje unaozuia vitu vingi vya mimea kupenya.

Sasa kinachokupa jibu la maana ni kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji. Chukua sahani ya vishimo 96, punguza ekstrakti nusu kwa nusu, weka bakteria, kesho yake ongeza rangi ya resazurini: bluu ikigeuka pinki, bakteria wako hai. Ekstrakti ikiwa na kijani kizito rangi inadanganya, kwa hiyo chota tone kutoka vishimo vyenye shaka ulipandikize kwenye agari mpya.

Majani kausha kivulini, ila siyo masika, mlima ukijifunika wiki nzima yanaota ukungu barazani na utakuwa unapima kemikali za ukungu, siyo za mpera. Tawi moja lipeleke Hebaria ya Taifa (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) kule Ngaramtoni, Arusha, walitambue rasmi.

Jambo moja limenitia wasiwasi. Umesema uliloweka kwa ethanoli, lakini hujasema uliikausha vipi. Ethanoli ikibaki, yenyewe inaua bakteria, na milimita zako 15 zinaweza kuwa zake. Ikaushe kabisa kwa nyuzi 40 hivi, yeyusha upya kwa kiyeyushi cha DMSO, na kisima kimoja cha kulinganishia kiwe cha DMSO tupu. Picha zote ulizobandika ni za mpera na sipro. Ya kisima cha kiyeyushi kitupu, bila ekstrakti, iko wapi?