Usipange semina siku ya mgao

Wiki yangu ya pili Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, mwishoni mwa 2015, niliitisha semina ya siku moja kwa wahudumu wa afya ya jamii 22. Nilijiandaa kweli: karatasi kubwa za ukutani, kalamu za rangi nne, soda, maandazi mawili mawili. Saa tatu walikuwepo tisa. Saa nne wakabaki saba. Nikawaka. Nilisema maneno kuhusu watu wasiojali kazi ambayo hadi leo sipendi kuyakumbuka. Hakuna aliyenijibu. Mzee mmoja Mkongo, mhudumu wa tangu miaka ya mwanzo ya kambi, alisubiri wenzake watoke, akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini: "Mama, leo iko mgao ya zoni yetu."

(Nilikuwa na miaka 26 na sina mtoto. Wakongo watakuita mama hivyo hivyo. Itikia.)

Kwa hiyo siku niliyotaka wakae chini ya turubai wajifunze kupima utapiamlo ndiyo siku ambayo nyumba zao zilikuwa kwenye foleni ya unga, kunde na mafuta. Wale saba waliobaki walikuwa wamemwachia mke, au mtoto wa miaka kumi, abebe gunia. Tangu hapo, kila nilipohamishiwa eneo jipya, kitu cha kwanza nilichoomba kabla hata ya ufunguo wa ofisi ni ratiba ya mgao. Nikaibandika ukutani, na sikupanga kikao chochote bila kuitazama. Haigharimu senti tano. Na kwa jinsi nilivyoona, iliwapa wale watu nafuu kubwa kuliko fulana zote zenye nembo tulizowahi kuwagawia.

Nakuandikia wewe unayeripoti Kasulu au Kibondo mwezi huu, muuguzi, mwalimu, afisa ustawi au kijana wa kujitolea. Utafundishwa mengi kuhusu kumhudumia mkimbizi aliye kwenye foleni. Mimi nataka tuzungumze juu ya mkimbizi aliyesimama upande wako wa meza, yule aliyevaa kizibao cha shirika kama wewe.

Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini, wengi wao Wabembe wa Fizi. Mwaka 2015 Burundi ikatibuka juu ya muhula wa tatu wa rais. Maelfu wakamiminika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, usikotoka ila kwa maji au kwa kupanda mlima kwa miguu. Kipindupindu kikawavamia pale pale ufukweni. Meli ya Liemba ikawa inawachukua kuwaleta Kigoma, nayo haikuweza hata kutia nanga karibu, watu wakapelekwa kwake kwa mitumbwi. Ndani ya miezi michache idadi ya watu wa Nyarugusu ilizidi maradufu. Watu walilala madarasani na makanisani, mpaka kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena Oktoba 2015 na ya Mtendeli Januari 2016.

Sasa jiulize nani aliyapokea mabasi yale saa nane usiku. Sisi Watanzania tuliondoka kambini saa kumi jioni, magari yakifuatana kwenye vumbi jekundu kurudi Kasulu. Usiku kambi ilibaki na wakimbizi wenyewe: wahudumu wa wodi, walinzi wa jamii, wakalimani, wachimba vyoo. Kisheria hawaajiriwi kama mimi na wewe. Wanalipwa posho inayoitwa motisha, na motisha hiyo iko chini sana ya mshahara wa Mtanzania anayefanya kazi ile ile. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wetu yuko hapa tangu 1996 na jembe hatujampa: haruhusiwi kulima nje ya kambi, wala kutoka bila kibali. Kizibao kile cha motisha ndilo jembe pekee alilonalo. Ndiyo maana utamkuta anakifua kila jioni na kukianika ndani ya nyumba, asije mtu akakichukua.

Anza na kumwita kwa jina. Ofisini utasikia watu wakisema "muulize motisha wa kituo cha pili" au "hizo fomu mpe motisha". Mtu ana jina, na kwao mara nyingi ana jina la heshima la mzazi, Papa fulani, Mama fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza. Uliza. Liandike kwenye daftari ukilisahau. Na kama kwenye orodha ya mahudhurio limeandikwa vibaya, lirekebishe, kwa sababu siku ya malipo herufi moja ikikosewa anarudishwa nyumbani mikono mitupu.

Halafu Kiswahili. Hapa sisi Watanzania tuna kiburi kibaya. Mkongo akisimama kwenye mafunzo akasema "batoto banakula bugali", kuna kijana wa kwetu atacheka, na chumba kizima kitajifunza kunyamaza. Nimeona mhudumu mwenye uzoefu wa miaka 15 akiacha kuchangia vikaoni kwa sababu ya kicheko kimoja. Kiswahili chao kimekulia Kivu, kina kanuni zake, na ndicho mama wa mtoto anayeharisha anachokielewa, siyo kile chako cha kwenye kipeperushi. Kwa Warundi jifunze angalau *mwaramutse* ya asubuhi, *mwiriwe* ya mchana kwenda jioni, na *murakoze*. Utayatamka vibaya, watacheka wao, na hicho ni kicheko kizuri.

Nikae kidogo kwa wakalimani, maana hapa ndipo nilipofanya kosa kubwa zaidi.

Mkalimani mzuri hasemi "anasema walimpiga". Anasema "walinipiga". Anavaa maneno ya mwenzake. Wangu alikuwa kijana wa Kirundi, hodari mno, na kwa sababu ya uhodari wake nilimwita kila mara: mahojiano manne, matano kwa asubuhi moja, mengi yakiwa ya wanawake na wanaume waliopitia ukatili njiani. Njia ile ile yeye mwenyewe alikuwa ameipita. Sikuwahi kuliwaza hilo. Siku moja akakatika katikati ya sentensi. Hakulia, hakusema anaumwa. Alikuwa anaitazama kalamu yangu tu. Mama tuliyekuwa tukimhoji ndiye aliyenyanyuka akamshika bega.

Baada ya siku ile nilibadilisha mambo kadhaa. Mahojiano mazito hayazidi mawili kwa siku kwa mkalimani mmoja. Kabla hatujaingia namwambia kwa ufupi tunakwenda kusikia nini, ili akitaka kumwachia mwenzake aseme bila kuona haya. Namuuliza pia kama anamfahamu mhojiwa, kwa sababu Warundi wanajuana kwa vilima (kilima kwao ni kama kijiji kwetu), na mtu wa kilima kimoja anaweza kuogopa kusema mbele ya jirani yake wa jana. Tukimaliza, tunakaa dakika tano nje na maji ya kunywa. Simuulizi anajisikiaje, swali hilo linampa kazi nyingine ya kutafuta jibu. Tulikuwa tunaongea mpira, au mche wa parachichi aliokuwa ameupanda nyuma ya nyumba yake na mbuzi wa jirani aliyekuwa anautamani. Dakika tano, chupa ya maji, parachichi. Mkuu wangu wa wakati ule aliona ninapoteza muda.

Kuhusu posho. Mwezi mmoja ilichelewa wiki tatu. Shirika nililokuwa nikilitumikia lilituambia tuwajibu kwamba iko njiani. Nikasema iko njiani. Wiki ya pili nikasema tena. Ya tatu pia. Kumbe shida ilikuwa nyaraka zilizokosewa ofisini kwetu, zimelala mezani. Nilichopoteza pale si heshima tu: nilipotangaza tarehe ya chanjo, wahudumu wale wale wakaniuliza kama na chanjo nayo iko njiani. Kwa hiyo nakushauri, ukijua sababu, iseme. Ukiwa huijui, sema leo nilikwenda kuuliza kwa fulani, sijajibiwa, Alhamisi nitauliza tena. Na Alhamisi rudi, hata kama jibu ni hapana. Neno "nitafuatilia" kambini limechakaa kama noti ya zamani ya mia tano. Usilitoe mdomoni kama hujaandika mahali utakapofuatilia.

Jambo la kupokea ndilo lililonichanganya zaidi. Kanuni zetu zilikataza zawadi, na zina sababu nzuri: leo kuku, kesho anayekupa kuku anatangulia kwenye orodha. Lakini mke wa yule mzee wa semina alinipikia sombe, kile tunachokiita kisamvu, akanifungia kwenye kisufuria na kitambaa safi. Nikakataa kwa adabu. Mara ya pili nikakataa. Ya tatu hakuleta, na mzee akaanza kunisalimia kwa mbali. Mtu anayepokea kila kitu mwaka baada ya mwaka, unga wa kupewa, turubai la kupewa, sabuni ya kupewa, siku akipata cha kumpa mgeni, mgeni anasema sheria hairuhusu! Nilikwenda kwa msimamizi wangu nikamweleza. Tukaelewana hivi: pesa, kuku, kitenge, hapana. Chakula kilichopikwa kinaliwa pale pale, hadharani, na wote waliopo, na kinatajwa kwenye taarifa ya wiki. Nikarudi na ndizi mbivu, nikaomba sombe.

Ila zingatia majira. Agosti 2017 mgao wa chakula ulishushwa hadi asilimia 62, wakati kipimo kamili ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mwenyeji wako hatakwambia. Atapika vile vile, na jioni watoto watalala na uji mwepesi. Tangu wakati ule nilipanga ziara za majumbani ziishe kabla ya saa tano au zianze baada ya saa nane, nisikutane na sufuria jikoni. Na wahudumu wangu waliokuwa wakitembea zoni nzima na utepe wa kupima mikono ya watoto, tuliwapunguzia safari: fomu zikawa zinakusanywa na sisi kwenye kituo chao Ijumaa, badala ya wao kuzileta ofisini kwa miguu. Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaza hivyo kabla. Gari lilikuwa linapita pale kila siku.

Usiwasahau Watanzania wenzako wa chini. Dereva wetu alikuwa Muha wa hapo hapo, na Kiha na Kirundi wanaelewana bila mkalimani. Alikuwa anasikia yote tunayozungumziwa nje ya gari, na kwa miezi mingi hakuna aliyemuuliza maoni yake. Siku nilipomkaribisha kwenye chai alinieleza kisima gani kinagombewa na saa ngapi, jambo ambalo tathmini yetu ya kurasa 40 haikulitaja. Mletee chai dereva. Beba kikombe cha ziada kwenye begi. Vituoni vikombe huwa havitoshi, na anayekosa ni yule yule kila siku. Wakati wa mvua beba na mifuko ya nailoni ya kufunikia daftari za watu.

Kuna ukarimu wa kuuacha kabisa: pipi dirishani mwa gari (watoto watakimbilia magari yote, mpaka siku mmoja akanyagwe), picha za simu, namba yako binafsi kwa kila anayelia, na kumwombea mtu nafasi ya kazi kwa sababu tu unampenda. Sitaeleza zaidi, utaelezwa kwenye mafunzo, na kwa hili mafunzo yako sahihi.

Na wewe mwenyewe utachoka. Kigoma ni mwisho wa reli, nyumbani mbali, na kuna jioni utakaa kitandani na viatu miguuni. Mimi niliokolewa na muuguzi mtu mzima, Mmanyema wa Ujiji, aliyekuwa akiniwekea chai ya tangawizi kwenye chupa mlangoni bila kubisha hodi. Sikumwuliza alijuaje.

Mkataba wako ukiisha, usiondoke kimya kimya. Watu hawa wameachwa na wageni wengi, wengine waliaga kwa ujumbe wa simu, wengine hawakuaga. Nilitumia siku mbili za mwisho kuzunguka na dada aliyekuwa akinipokea kazi, kituo kwa kituo, nikimtambulisha. Ila kwenye kituo cha mwisho alikuwa amebaki garini na redio, kwa hiyo niliingia peke yangu. Yule mkalimani wangu alikuwa zamu. Nikamwambia naondoka kesho, nimekuja kuaga. Akanishika mikono yote miwili, akanyamaza, kisha akachukua kalamu.

"Anayekuja anaitwa nani? Tunamwandika vipi?"