Kaka wa Houston anataka kunitumia mashine ya hewa safi. Niipokee?

SWALI: Najenga Kigamboni nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, mita za mraba 140, madirisha ya alumini na AC kila chumba. Kaka yangu yuko Houston. Anasema huko nyumba mpya zinawekwa feni ya kuingiza hewa safi, na anataka kunitumia moja. Naihitaji kweli?

JIBU: Kaka hakudanganyi. Houston kuna joto na unyevu kama kwetu, na nyumba za siku hizi huko zinazibwa nyufa zote ili baridi ya AC isitoroke. Nyumba ikishazibwa hivyo, hewa ya kupumua lazima iletwe kwa mashine, maana AC ya ukutani hailetei mtu hewa mpya. Inazungusha ileile, na kile kidude cha nje kazi yake ni kutupa joto tu. Laleni watatu chumba kimefungwa kabisa, asubuhi mtaamka na vichwa vizito.

Ubishi upo kwenye kiasi. Kipimo cha ASHRAE 62.2, mwongozo wa hewa ya nyumbani wa chama cha wahandisi wa viyoyozi wa Marekani, tangu toleo la 2013, kingeidai nyumba yako lita 35 za hewa kwa sekunde. Kanuni ya makazi ya Marekani, IRC, imebaki na hesabu ya zamani: lita 21. Wapo wataalamu wa hukohuko, Joseph Lstiburek mmojawapo, waliolalamika kwamba hicho kiwango kikubwa kinaziumiza nyumba za maeneo yenye unyevu. Mimi niko upande wao, na sababu ni maji.

Chukua siku ya Machi, nyuzi 30, unyevu asilimia 75. Kila kilo ya hewa hiyo imebeba gramu 20 hivi za maji. Ndani unataka nyuzi 25 na asilimia 55, yaani gramu 11. Ukiingiza lita 35 kwa sekunde usiku na mchana, umeingiza lita kama 32 za maji ya ziada kwa siku: ndoo kubwa moja na nusu. Kwa lita 21 inakuwa ndoo moja kasoro kidogo. Ndoo hiyo itatolewa na nani? AC, kama ina nafasi. AC kubwa kuliko chumba inapoza upesi, inapumzika kabla haijakausha hewa.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Mbezi, mwenyewe akiapa kwamba fundi rangi amemwibia. Tukavuta kabati: ukungu mweusi umechora umbo lake ukutani. AC iko 17, feni ya choo inavuta kutwa kucha, na hewa ya kufidia inapenya mbichi kwenye nyufa za madirisha. Hewa ya namna hiyo inatoa jasho kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Rangi haikuwa na kosa.

Kwako, anza na jiko na bafu: feni ya kutoa hewa ya lita 50 kwa sekunde jikoni, 25 bafuni, ziwashwe wakati wa kazi tu. Bomba litoke hadi nje ya ukuta. Simama umwangalie fundi, kwani wengi wanaliishiza juu ya silingi bodi na mvuke wote unabaki darini.

Kama jioni mnafungua madirisha yenye nyavu na panga boi linazunguka, mashine ya kaka ni ya kupamba ukuta. Kama mtafunga saa 24, ipokee, lakini iwe ya kuingiza hewa, yenye chujio, na ndani iwe na kiini kinachobadilishana unyevu kati ya hewa inayoingia na inayotoka, siyo joto peke yake. Kiini hicho kinapunguza maji yanayoingia, hakikaushi nyumba. Mdomo wa kuvutia hewa ukae mbali na jenereta na chemba ya choo.

Na kabla hajalipia mzigo, asome kibandiko. Vifaa vingi vya nyumbani vya Marekani ni vya volti 120, hezi 60. Umeme wetu ni 230, hezi 50.