Basi la abiria na "basi" ya imetosha, ni ndugu?

Mdau kauliza hivi, basi tunalopanda na ile "basi" ya kusema imetosha ni neno moja au yamegongana tu, halafu tuseme "basi hili" au "basi hii".

Undugu hakuna kabisa. "Basi" ya imetosha ni ya Kiajemi, bas, na Wahindi nao wanayo kwa maana hiyohiyo. Basi la abiria limetoka Kilatini, tena kwenye kivumishi, omnis, maana yake -ote.

Sasa shuleni tulifundishwa -ote ni kivumishi cha pekee, kinafuata nomino yake: watu wote, vitu vyote, maji yote. Omnis nayo ilikuwa hivyohivyo ila sisi tunabadilisha mbele wao walibadilisha nyuma, omnis kwa nomino za kiume na za kike, omne kwa zile zisizo huku wala kule, wingi omnes, na omnia. Halafu pale ambapo sisi tunaweka "kwa", Mrumi aliibana kwenye mkia wa neno, kwa hiyo omnibus ni "kwa wote", na hiyo -bus ndo imebeba "kwa" na wingi kwa pamoja.

Miaka ya 1820 kule Nantes, Ufaransa, Stanislas Baudry alianzisha magari ya farasi ya kubeba yeyote mwenye nauli yake, yakaitwa omnibus, 1829 George Shillibeer akayaanzisha London, na Waingereza wakaona neno refu wakakata kichwa wakabaki na mkia. Yaani ile sehemu yenye maana yote wameitupa bana! Tunachopanda kila asubuhi ni kiambishi tamati, ambacho kwa Kilatini hakisimami peke yake, na sisi tukakiongezea i mwishoni na ma- mwanzoni, wingi juu ya wingi.

Kwenye lugha zilizozaliwa na Kilatini, omnis yenyewe haikuzaa sana, Waitalia wanayo ogni, "kila", ila Wafaransa na Wahispania kwenye "-ote" walihamia kivumishi kingine, totus, wakapata tout na todo.

Haya, ngeli. Sanifu ni LI-YA, basi hili, mabasi haya. "Basi hii" imejaa mtaani na kwenye stori wala hainikeri, ila kwenye mtihani maksi itaenda. Ile ya imetosha haina ngeli wala wingi, kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mabasi" hapo ni magari tu.