Ngozi kando ya stoma imefanya vidonda na usaha: tumbadilishie mzee dawa?

SWALI: Assalamu alaykum muuguzi. Babangu ana miaka 61, tuko naye hapa Lamu mjini. Alipasuliwa Mombasa miezi miwili na nusu iliyopita, utumbo mdogo ukatolewa nje upande wa kulia wa tumbo (ndiyo stoma), akavishwa mfuko. Sasa ngozi inayozunguka hapo ni nyekundu, imechubuka kama iliyomwagikiwa maji ya moto, na upande wa chini hutoa majimaji na usaha kidogo. Mfuko haushiki, wavuja karibu kila siku, usiku zaidi. Twamsafisha kwa spiriti, twampaka mafuta ya nazi, na jirani alitwambia tufungue vidonge vya amoksilini tunyunyize ule unga. Vidonda havikauki. Tumbadilishie dawa?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada. Mpe mzee pole nyingi. Kabla ya kufikiria dawa, kagueni tundu mnalokata kwenye plasta ya mfuko. Kwa maelezo yako, hapo ndipo ninapoona kiini cha taabu hii.

Choo kinachotoka kwenye utumbo mdogo ni chepesi, na kina maji ya kusagia chakula. Maji hayo hayabagui nyama ya samaki na ngozi ya mtu: yakikaa juu ya ngozi saa chache tu huanza kuila. Ngozi ikishafunguka, vijidudu hupata mlango. Kwa hiyo usaha mnaouona umekuja nyuma, uliotangulia ni uvujaji. Mkiupiga vita usaha na kuuacha uvujaji, mtanunua dawa mwaka mzima.

Stoma huwa imevimba baada ya upasuaji, kisha hupungua kwa wiki sita hadi nane hivi. Nashuku bado mnakata plasta kwa kipimo mlichopewa siku ya kuruhusiwa hospitali. Kipimo hicho sasa ni kikubwa, na ngozi iliyobaki wazi ndiyo inayoliwa. Mpimeni upya. Chukua kipande cha boksi gumu, toboa tundu, livishe juu ya stoma, rekebisha mpaka libakie pengo la milimita 2 au 3 pande zote. Hicho ndicho kipimo kipya. Tena mwambie mzee akae kitako, usimwangalie akiwa amelala tu. Mikunjo ya tumbo huonekana akikaa, na uvujaji wa upande wa chini mara nyingi hupitia kwenye mkunjo. Mkiuona, uzibwe kwa pete laini au uji mzito wa stoma unaouzwa pamoja na mifuko, kabla ya kubandika.

Spiriti iacheni leo. Inaunguza ngozi mbichi na haiponyeshi kidonda. Dettol nayo vivyo hivyo. Mafuta ya nazi nayapenda kwenye nywele na kwenye wali, lakini hapo hayana kazi: ngozi yenye mafuta haishiki gundi, plasta huteleza, choo huvuja, kidonda huongezeka. Unga wa amoksilini ndio unaonikera zaidi, maana nauona kila mara. Kidonge kile kimetengenezwa kimezwe. Ukikinyunyiza juu ya kidonda hakitibu, kinaweza kuleta mzio, na kinawafundisha vijidudu kuizoea dawa.

Mfuko mbadilishieni asubuhi kabla hajanywa chai, wakati utumbo haujachangamka. Bandua plasta polepole huku mkono mwingine ukiibonyeza ngozi chini, usiivute kwa nguvu. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu na kitambaa laini, bila sabuni ya mafuta wala ya manukato. Stoma yenyewe ikitoa damu kidogo ukiipangusa msishtuke, ni kawaida. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Kisha poda ya stoma: nyunyiza pale palipochubuka na penye unyevu tu, kung'uta ile iliyozidi, halafu gusia juu yake kitambaa cha dawa ya kukinga ngozi, kile kisicho na spiriti. Ngojea pakauke, rudia mara mbili au tatu mpaka pafanye utando mkavu. Kama hamna kitambaa hicho, kidole safi kilicholowa maji kidogo kinatosha kuishikiza poda. Poda ya watoto haifai, nayo hukataza gundi kushika. Ukishabandika, mzee aweke kiganja juu ya plasta dakika chache, joto la mkono huikaza.

Maadamu kuna kidonda, fungueni kila siku moja au mbili mkitazame. Ngozi ikishapona, siku tatu au nne zatosha. Mfuko ukijaa thuluthi umwageni, hasa kabla ya kulala, maana uzito wake ndio unaobandua plasta usiku. Na mzee akisema panawasha au panachoma, fungueni wakati huo huo. Msiongeze selotepu juu ya uvujaji. Choo kitabaki ndani kikiendelea kula ngozi msiyoiona.

Si kila kidonda cha hapo ni cha uvujaji. Vipele vidogo vyekundu vilivyotawanyika pembeni ya wekundu, na kuwasha kwingi, mara nyingi ni fangasi. Joto na jasho la pwani huwapa raha. Ombeni dawa ya fangasi ya unga, si ya krimu. Wekundu unaofuata umbo la plasta barabara huenda ni mzio wa gundi, jaribuni mfuko wa aina nyingine. Kidonda chenye maumivu makali, ukingo wa zambarau, kinachokua haraka, hicho asikikate wala kukikwangua mtu: kinataka daktari, na dawa yake ni tofauti kabisa.

Kwa usaha mnaouona, mpelekeni hospitali ya King Fahd hapo Lamu wiki hii hata kama uvujaji umekoma. Wachukue kipimo cha usaha kidonda kikishaoshwa, na wapime sukari, kwani kisukari huchelewesha kidonda kupona. Hapo ndipo itakapojulikana kama anahitaji antibiotiki za kumeza na ni zipi. Leo chora kwa kalamu mpaka wa wekundu. Kesho ukiwa umeuvuka mstari, au ngozi imekuwa ya moto na ngumu, au ana homa, msingoje wiki iishe. Stoma ikigeuka nyeusi, au isipotoa kitu huku tumbo likiuma na kujaa, ondokeni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kama mna suala la udhu na sala, mwulizeni sheikhe wenu, hilo si langu. Langu ni kumwambia mzee asipunguze kula na kunywa ili mfuko usijae, kama wafanyavyo wengi. Wali, viazi na ndizi za kupika huzidisha uzito wa choo, na choo kizito huvuja kidogo. Kikipita lita moja na nusu kwa siku, amwone daktari. Wakati huo anywe maji ya ORS, ile chumvi na sukari ya pakiti. Madafu peke yake hayatoshi, chumvi iliyomo ndani yake ni kidogo kuliko anayoipoteza.