Kupima Programu Huria kwenye Mifumo Mitatu

Swali: Programu huria ninayoitunza hufanya kazi vizuri kwenye Windows, lakini watumiaji wa Linux hulalamika kwamba haifunguki. Nifanyeje, nami sina kompyuta nyingine?

Jibu: Tumia huduma ya majaribio ya kiotomatiki kama GitHub Actions, ambayo huweza kuijenga na kuipima programu kwenye Linux, Windows na macOS kila unapobadilisha msimbo, tena bila malipo kwa miradi iliyo wazi kwa umma. Unapotafuta hitilafu, anza na majina ya mafaili, maana Linux hutofautisha “Picha.png” na “picha.png”, ilhali Windows kwa kawaida haitofautishi. Kwenye faili la mipangilio ya GitHub Actions, tafadhali weka “fail-fast” (mpangilio wa kusitisha majaribio mengine moja likishindwa) kuwa “false”, yaani uuzime. Usipofanya hivyo, mfumo mmoja ukishindwa, majaribio ya mingine husitishwa, nawe hutajua kama hitilafu ni ya Linux pekee.